"Tani" ya Kiyoyozi Maana Yake Nini?

Ukitaka kufungiwa kiyoyozi dukani kwako Nairobi, fundi atakuuliza, "Cha tani ngapi?" Anayelisikia swali hilo mara ya kwanza hufikiria uzito, akautazama ukuta akiwaza kama utaubeba mzigo huo. Tani hii haihusu uzito wa mashine. Ni kipimo cha joto, na asili yake ni barafu.

Zamani, kabla ya mashine, ubaridi uliuzwa kwa uzito. Kule Marekani katika karne ya 19, barafu ilikatwa ziwani wakati wa kipupwe, ikahifadhiwa ghalani ndani ya maranda ya mbao hadi msimu wa joto. Rais James Garfield alipopigwa risasi mwaka 1881, wahandisi wa jeshi la majini walimtengenezea chombo: feni ikipuliza hewa kupitia vitambaa vilivyolowa maji ya barafu, na hewa hiyo ikapelekwa chumbani alimolazwa.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Barafu haitoi baridi. Inameza joto, na kwa kulimeza ndiyo inayeyuka. Tani moja ya Kimarekani, yaani kilo 907 hivi, ikiyeyuka yote kwa saa 24, huwa imemeza joto la BTU 12,000 kila saa (BTU ni kipimo cha kiasi cha joto). Mashine zilipokuja, wanunuzi walijua lugha ya barafu tu, basi nazo zikapimwa hivyo hivyo: hii inafanya kazi ya tani moja ya barafu kwa siku. Kwa hiyo kiyoyozi kilichoandikwa BTU 12,000 ni cha tani moja, na cha 18,000 ni tani moja na nusu.

Mashine yenyewe ilichukua nafasi ya barafu kwa kutumia gesi. Pakaza spiriti mkononi uone: inakauka huku ngozi ikipoa. Ndani ya koili za chumbani, yaani mabomba yaliyokunjwa-kunjwa, gesi iliyo katika hali ya kimiminika huchemka kwa joto la chumba. Kompresa, yaani pampu ya gesi, huikandamiza mpaka iwe moto kuliko hewa ya nje. Koili za nje hulitupa joto hilo, gesi ikarudi kuwa kimiminika. Joto linahamishwa tu, ndiyo maana stima inayotumika ni ndogo kuliko joto linaloondolewa.

Usidhani tani nyingi ni bora. Mhandisi Mmarekani Willis Carrier alipobuni mfumo wake wa kupoza hewa mwaka 1902 kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, tatizo lilikuwa unyevu: karatasi zilitanuka na kusinyaa, rangi zikakosa kukaa mahali pake. Kukausha hewa kunahitaji muda. Mashine kubwa mno katika chumba kidogo hupoza haraka na kuzima kabla unyevu haujaisha, nawe unabaki na baridi yenye majimaji. Hilo ni muhimu kwa Nairobi, mji ulio juu zaidi ya mita 1,600, ambako jioni hupoa yenyewe.