Orodha ya kusubiri: maana yake unapoomba chuo cha nje

Machi, mvua ikiwa haijakatika tangu mchana, alinijia nyumbani binti niliyewahi kumfundisha kemia kidato cha sita. Sasa anafanya kazi kwenye utafiti wa viazi pale Uyole, hapa Mbeya. Alikuwa ameomba shahada ya uzamivu katika vyuo vinne vya Marekani. Kimoja kimemkataa, kimoja kimempokea na ufadhili, kimoja kimya, na kile anachokitaka kuliko vyote kimemwandikia kwamba yuko katika orodha ya kusubiri. Mama yake, anayeuza viazi kwa gunia, alimuuliza swali moja tu: "Sasa umefaulu au umefeli?" Binti akakosa la kumjibu. Ndiyo maana akaja.

Swali la mama lina haki yake, kwa sababu sisi tumezoea matokeo yanayobandikwa ukutani: jina lipo au halipo. Orodha ya kusubiri ni hali ya tatu. Idara imeyasoma maombi yako, imeridhika kwamba unaweza kusoma pale, lakini nafasi zilizokuwepo imewapa wengine kwanza. Ikitokea mmoja wao akakataa, wewe ni kati ya watakaofikiriwa. Na usidhani wamekuweka humo kwa kukuonea huruma. Mtu wa listi anaweza kuitwa wakati wowote na kulipiwa masomo miaka mitano, kwa hiyo hawamweki wasiyemtaka.

Kwa nini idara isichague watu wake ikamaliza? Sababu ni fedha na kubahatisha. Katika fani nyingi za sayansi Marekani, mwanafunzi wa uzamivu hulipiwa ada, bima ya afya na posho ya kuishi, naye hufanya kazi ya kufundisha au ya maabara. Nafasi basi huhesabiwa kwa fedha iliyopo. Tuseme, kwa mfano tu, idara ina fedha za watu 10. Inajua waombaji wazuri wana barua za vyuo vingine mkononi, kwa hiyo inatoa nafasi 16 ikitegemea sita wataenda kwingine. Wakikubali 7, wanaitwa watatu kutoka kwenye listi. Wakikubali 12, idara yenyewe iko matatani na listi haisogei hata hatua moja. Uzuri wako haukupungua. Kilichobadilika ni uamuzi wa watu usiowajua, walioko Nairobi, Beijing au Chicago.

Nilimwambia amweleze mama yake kwa mfano wa stendi yetu ya mabasi ya Nanenane alfajiri. Basi la Dar limejaa kwenye karatasi, lakini konda anajua kuna abiria watakaoghairi. Wewe umesimama pembeni na begi lako, umeandikwa jina, unangoja. Mama alielewa mara moja. Ila mfano huo una kasoro moja kubwa. Kwenye basi siti ikibaki, siti ni siti, anakaa yeyote. Chuoni siti ina jina la kazi. Aliyekataa akiwa ni mtu wa magonjwa ya mimea, mara nyingi anatafutwa mwingine wa magonjwa ya mimea, hata kama wewe wa udongo ulikuwa juu yake. Idara nyingine huwa na listi yenye namba, nyingine haina namba kabisa, wanachagua kulingana na maabara ipi imepungukiwa. Ndiyo maana kuuliza "mimi ni wa ngapi?" wakati mwingine hakujibiki, na asiyekujibu hakufichi kitu.

Halafu kuna kimya, na kimya kinaumiza kuliko listi. Chuo hakijakataa, hakijakubali, na unasikia wenzako wameshapata barua. Mara nyingi hapo nako umewekwa akiba, ila hujaambiwa. Ikifika mwishoni mwa Machi bado kimya, andika kwa adabu kwa mratibu wa idara uulize maombi yako yamefikia wapi. Huo si usumbufu, ni kazi yao.

Tarehe ya kushika kichwani ni 15 Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano ya baraza la vyuo vinavyotoa shahada za juu, kwamba mwombaji aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo wenye barua tatu huzishika mpaka wiki ya mwisho, na listi nyingi husogea siku zinazoizunguka tarehe hiyo. Shahada ya uzamili ambayo unajilipia mwenyewe haiko ndani ya makubaliano hayo. Huko tarehe ni za chuo chenyewe, na listi inaweza kusogea hadi Julai, mtu anapokosa fedha au viza.

Hapa niseme jambo dogo ambalo lingempunguzia binti yule mateso. Alikuwa akiamka alfajiri, anapanda kile kilima nyuma ya nyumba panaposhika mtandao, anafungua baruapepe mara kumi kabla ya kazi. Asubuhi yetu Wamarekani wamelala! Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa 7, na California kwa saa 10. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa 3 asubuhi, Mbeya ni saa 10 jioni. Ya California ikifunguliwa, kwetu ni saa 1 usiku. Barua ya kuitwa kutoka kwenye listi itakukuta jioni au usiku. Asubuhi fanya kazi zako. Na siku ya 15 Aprili weka simu chaji mapema, kwa sababu umeme wa masika unaujua, na aliyeitwa siku ya mwisho anaweza kupewa saa chache tu za kujibu.

Wakati unangoja, barua moja ina uzito: ya kusema bado una nia. Iwe fupi. Waambie kipya kilichotokea tangu uombe, kama tasnifu imepita au makala imekubaliwa na jarida. Taja maabara unayoilenga na sababu. Kama kweli ukiitwa utakwenda, liandike hilo waziwazi. Kama si kweli usiliandike, maana idara itakupigia hesabu kwa neno lako. Uliza mambo mawili: je, nafasi ikipatikana itakuja na ufadhili, na lini wanatarajia kujua. Baada ya hapo tulia. Nimeona vijana wakituma barua kila wiki, wakiwaomba na maprofesa wao wa hapa nchini nao waandike. Haisaidii, inamchosha yule yule mratibu mnayemhitaji.

Usichanganye listi na hali nyingine mbili. Kupokelewa bila fedha ni kupokelewa kweli, tatizo ni nani atalipa. Na Uingereza kuna kupokelewa kwa masharti: nafasi ni yako ukileta kinachodaiwa, mfano matokeo ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, au cheti cha mwisho. Huko unayesubiriwa ni wewe. Aliyeomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, anaweza pia kujikuta kwenye akiba ya ufadhili huku chuo kimeshampokea, na hizo ni foleni mbili tofauti kabisa.

Kitu ninachokisisitiza kwa kila anayeniuliza: shika cha uhakika. Uzamili wa hapa nchini unaombwa moja kwa moja chuoni, iwe Dar es Salaam, Sokoine au hapa hapa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, na masomo huanza baadaye kuliko barua za Marekani. Kama ni mtumishi wa umma, mweleze mwajiri mapema kuhusu ruhusa ya masomo, usingoje uitwe ndipo uanze kuzunguka na barua. Angalia pia vyeti vyako: matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2, ya GRE, mtihani wa kuingilia shahada za juu, miaka 5. Ukilazimika kuomba tena mwakani, ni vizuri kujua kipi kitakuwa kimekufa.

Na kama wewe ndiye mwenye barua mbili, achia usiyoitaka leo. Nalisema hili kwa uchungu. Tumelelewa kuona kwamba kukataa nafasi ni kukosa shukrani, kwa hiyo kijana wetu anashika barua tatu mpaka usiku wa mwisho kwa aibu tu ya kusema hapana. Huku Njombe au Songea kuna mwenzake anapanda kilima cha mtandao akiisubiri moja ya hizo.

Binti wangu hakuitwa. Tarehe 15 Aprili, saa 4 usiku, alikubali chuo kile kilichompokea tangu Februari. Kisha, kabla ya kulala, akakiandikia chuo alichokipenda mistari miwili, kwamba anashukuru, amekubali kwingine, na waliondoe jina lake kwenye orodha ili aliye nyuma yake asogee. Kesho yake saa 11 jioni mratibu alimjibu kwamba kwa wiki ile nzima, yeye ndiye wa kwanza kuomba aondolewe.