Nyumba ya kisasa yenye maumbile: ni asili ipi inayozungumzwa?

Neno "asili" limebebeshwa mengi katika Kiswahili. Ngoma za asili ni za mababu. Dawa za asili ni za miti shamba, au za mababu, au vyote viwili. Ndiyo maana mtu akiambiwa sebule fulani imepambwa "kisasa kwa mtindo wa asili", hutarajia kukuta vibuyu na vinyago ukutani. Asili inayokusudiwa hapa ni nyingine. Ni maumbile yenyewe: mwanga wa jua, hewa, mbao, jiwe, udongo, nyuzi za mimea na mimea iliyo hai.

Na "kisasa" nako si kununua vitu vipya. Ni tabia ya usanifu wa karne ya 20: vitu vichache, mistari isiyo na nakshi, nafasi inayoachwa wazi kwa makusudi. Kisasa kikiachwa peke yake hupoa, na chumba cheupe chenye vioo na chuma huishia kufanana na pale unaposubiri kuitwa na daktari. Maumbile nayo yakiachwa bila kizuizi, sebule inageuka kitalu cha miche. Mtindo huu unaviweka viwili hivi pamoja ili kila kimoja kimrudi mwenzake.

Wasanifu wana neno lao kwa msingi wa mtindo huu: biofilia, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya uhai na upendo. Mwanasaikolojia Erich Fromm alilitumia katika miaka ya 1960, lakini aliyelipeleka mbali ni mwanabiolojia wa Marekani Edward O. Wilson, aliyechapisha kitabu chenye jina hilo mwaka 1984. Hoja yake ni kwamba binadamu huzaliwa na mvuto kuelekea vitu vilivyo hai.

Mwaka huohuo mtafiti Roger Ulrich alitoa makala katika jarida la Science ambayo wapambaji hawaachi kuitaja. Alipitia kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Dirisha la baadhi yao lilitazama miti, la wengine lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walikaa wodini muda mfupi kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Wagonjwa walikuwa 46 tu, kwa hiyo tusiutwishe utafiti huo mzigo usio wake. Ninachokipenda ni kwamba hapakuwa na chungu hata kimoja cha maua katika hesabu. Lilikuwa dirisha.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, aanzie dirishani. Sogeza kabati lililoziba nusu yake. Vua pazia zito, weka la kitani au pamba nyepesi linalochuja jua bila kulifukuza. Geuza kochi ili macho ya aliyeketi yaangukie nje, japo nje kwenyewe ni mti mmoja na kipande cha anga. Macho yetu hujirekebisha haraka mno hata hatujui tunavyoishi gizani: mchana wa jua kali mwanga wa nje unaweza kufika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), wakati sebule yenye taa usiku mara nyingi haipiti laksi mia chache. Usiku tumia balbu za mwanga wa manjano, za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hivi. Zile nyeupe zenye ubuluu, za 6,500, ziache jikoni au karakana.

Baada ya mwanga ni malighafi, na hapa ndipo mtindo unapofaulu au kuumbuka. Kipimo changu ni mkono. Pitisha kiganja juu ya meza: mbao ina mistari ya nyuzi zake, ina fundo, ina mahali paliposhuka kidogo. Ubao uliobandikwa karatasi yenye picha ya mbao hauna hayo, na ukiutazama vizuri utakuta fundo lilelile limejirudia kila baada ya hatua chache. Henzerani, mianzi, mkonge, sufu, udongo uliofinyangwa na jiwe lisilong'arishwa vina sifa hiyohiyo ya kutofanana na nakala yake. Hata ukuta unaweza kushiriki: chokaa inapokauka hunyonya kaboni dioksidi hewani na kurudi kuwa aina ya jiwe, na rangi yake ina mawingumawingu ambayo rangi ya kopo huyakosa.

Msanifu majengo Mfini Alvar Aalto alilijua hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wenzake wengi wakishangilia viti vya mabomba ya chuma, yeye alikunja plaiwudi kutengeneza kiti cha sanatoria ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Paimio. Umbo lilikuwa la kisasa kabisa, ila mgonjwa hakuegemea chuma baridi.

Rangi hazina maneno mengi. Chukua za mchanga, udongo, majani makavu na mawe, kisha punguza moja.

Mimea nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana wengi huianza, na huianza kwa sababu isiyo sahihi. Wanasema inasafisha hewa. Chanzo ni jaribio la NASA, shirika la anga za juu la Marekani, la mwaka 1989, ambalo kweli lilionyesha mimea ikipunguza kemikali fulani hewani, lakini ndani ya visanduku vilivyofungwa. Nyumba si kisanduku. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ili mimea ishindane na hewa inayopita madirishani, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Ungelala wapi? Weka mmea kwa kuwa unapenda kuuona ukichipua, na mmoja mkubwa wenye nafasi yake hupendeza kuliko kumi iliyobanana rafuni. Usiumwagilie kila unapoukumbuka. Mimi nimezika mingi kwa njia hiyo, mizizi imeoza majani yakiwa bado yanang'aa.

Na ya plastiki? Kwa mbali inadanganya vizuri. Tatizo lake ni vumbi, na kwamba mwaka ujao itakuwa na majani yaleyale.