Uchumi Ukipona, Kazi Hurudi Lini?

Kati ya Aprili na Juni 2020, ukosefu wa ajira nchini Kenya uliruka kutoka asilimia 5.2 hadi asilimia 10.4. Ndiyo miezi ambayo mikahawa ya Nairobi ilifungwa, kafyu ikawaingiza watu nyumbani mapema jioni, na barabara za kutoka na kuingia jijini zikawekwa vizuizi. Mwaka ulipokaribia kwisha, kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 5.4. Mtu akizisoma tarakimu hizo peke yake ataamini kwamba kufikia Krismasi karibu kila aliyepoteza kazi alikuwa ameipata tena. Lakini kwa hesabu za Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ambalo ndilo lililotoa tarakimu hizo, watu walio na kazi nje ya kilimo kidogo walipungua mwaka huo kwa zaidi ya 700,000, kutoka milioni 18.1 hadi milioni 17.4.

Hakuna aliyedanganya. Katika utafiti wa nguvukazi, anayehesabiwa kuwa na kazi ni yeyote aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika siku saba zilizopita. Fikiria mwalimu wa shule ya kibinafsi huko Kayole. Shule ilifungwa Machi 2020, mshahara ukakatika, na kufikia Agosti anauza mayai ya kuchemsha na smoki kando ya barabara. Kwenye takwimu ana kazi. Nyumbani kwake kodi ya nyumba ina malimbikizo ya miezi minne na watoto wamepelekwa ushago kwa nyanya yao.

Hapa kwetu wafanyakazi wengi hawana bima ya kuwalipa wakikosa kazi. Anayefutwa leo hawezi kukaa miezi sita akitafuta kazi inayolingana na ujuzi wake, maana njaa haimpi nafasi hiyo. Atashika chochote kitakachopatikana kesho asubuhi: kubeba mizigo katika soko la Wakulima, kufua nguo mtaa wa wenye nacho, kukodi bodaboda ya mtu. Mdororo wa uchumi katika jiji kama Nairobi huonekana zaidi katika kazi mbaya kuliko katika mikono mitupu. Kwa hiyo kila serikali inapotangaza kwamba uchumi umeimarika, sisi tunaofuatilia soko la ajira huuliza ni kazi za aina gani zilizorudi, na zinalipa nini.

Pato la taifa lilipungua kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, kisha likakua kwa asilimia 7.5 mwaka 2021. Kwenye karatasi, huo ni uponaji wa haraka sana. Sehemu yake ilitokana tu na kwamba mwaka uliotangulia ulikuwa mbaya: sekta ya hoteli na mikahawa pekee ilikuwa imeporomoka kwa karibu nusu, kwa hiyo hata kufungua milango tena kulionekana kama ukuaji mkubwa. Thamani halisi ya mishahara, yaani kile ambacho mshahara unaweza kununua baada ya bei kupanda, iliendelea kushuka mwaka 2021, 2022 na 2023. Na hata sasa kazi nyingi mpya ni za juakali. Mwaka 2024 KNBS ilihesabu kazi mpya 782,300, na kati ya hizo takriban 703,700 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Hizo ni tisa katika kila kumi.

Kazi kuchelewa nyuma ya uchumi si ugonjwa wa Kenya pekee. Nchini Marekani, mdororo mkubwa uliotokana na kuanguka kwa soko la nyumba uliisha rasmi Juni 2009. Ukosefu wa ajira ulifika kilele chake, asilimia 10, mwezi Oktoba mwaka huo, wakati uchumi tayari ulikuwa unakua. Ilichukua hadi mwaka 2014 kwa idadi ya kazi kurudi ilivyokuwa kabla ya mdororo, na hiyo ni nchi iliyotenga dola bilioni 787 kufufua uchumi.

Sababu inaeleweka ukisimama upande wa mwajiri. Chukua karakana ya vyuma katika Industrial Area iliyokuwa na watu 20 na ikabaki na 11. Oda zikianza kurudi, mwenyewe haajiri siku hiyo. Kwanza anauza mali iliyolala stoo. Halafu anawaongezea wale 11 saa za kazi. Halafu analipa kodi ya jengo na stima aliyokuwa amekwama nayo. Zikija oda zaidi, anaita vibarua wa siku, ambao anaweza kuwaachisha Ijumaa bila barua wala marupurupu. Anapoandika mtu kwa mkataba, ni kwa sababu ameamini kwamba oda za mwaka ujao zipo. Sera nzuri ya ajira wakati wa kufufua uchumi ni ile inayofupisha safari hiyo, hasa kipande cha mwisho, ambapo mwajiri anatoka kwenye kibarua hadi kwenye mkataba.

Mwaka 2020 serikali ilijaribu njia kadhaa kwa pamoja. Benki Kuu ilishusha kiwango chake cha riba kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25 mwezi Machi, kisha 7.00 mwezi Aprili, na ikapunguza akiba ambayo benki hulazimika kuiweka kwake, hatua iliyoachilia shilingi bilioni 35.2 zipatikane kwa mikopo. VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani unaolipwa na mnunuzi wa bidhaa na huduma, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa kabisa ushuru wa mapato. Nafuu hizo zilikuwa za kweli na ziliokoa kampuni na familia. Ila ziliwafikia zaidi wenye mkopo wa benki na wenye hati ya mshahara, ilhali zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wetu hawana hati hiyo. Nafuu ya ushuru wa mshahara haimfikii mtu anayesukuma mkokoteni Gikomba.

Aliyefikiwa moja kwa moja ni kijana wa Kazi Mtaani. Mpango huo ulianza mwishoni mwa Aprili 2020 katika mitaa kama Mathare, Kibera, Mukuru na Korogocho, kisha ukapanuliwa nchi nzima kwa zaidi ya vijana 270,000. Kazi ilikuwa kuzibua mitaro, kuzoa taka na kufyeka, kwa ujira wa shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili. Wapo waliouita upotevu wa pesa. Siafikiani nao. Shilingi 455 anazolipwa kijana wa Mathare hazilali benki. Jioni hiyohiyo zinanunua unga, sukuma na makaa kwa mama mboga wa mtaa, naye mama mboga anarudi sokoni alfajiri kununua mzigo mkubwa zaidi. Wakati watu wote wanaogopa kutumia, pesa inayofika kwa mtu atakayeitumia leo hufanya kazi mara kadhaa kabla haijatulia.

Kasoro yake ilikuwa mwisho wake. Kijana aliyezibua mtaro kwa miezi kadhaa alitoka bila cheti, bila ujuzi mpya, na bila mahali pa kwenda. Tulikuwa na somo la karibu ambalo halikusomwa vizuri. Baada ya ghasia za uchaguzi na msukosuko wa fedha duniani, ukuaji wa uchumi ulianguka kutoka takriban asilimia 7 mwaka 2007 hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Mwaka uliofuata serikali ya muungano ilianzisha Kazi kwa Vijana, mpango wa kazi za umma. Mpango huo uliandamwa na malalamiko kuhusu matumizi ya fedha, na kufikia 2011 Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa katika kuufadhili. Kazi za umma ni dawa nzuri ya miezi ya kwanza ya mdororo. Zikikosa orodha ya wazi ya wanaolipwa na njia ya kuwapeleka kwenye uanagenzi au ajira ya kudumu, huacha watu pale zilipowakuta.

Kuna hatua moja ambayo huzungumzwa kidogo sana, nami naiona kuwa ya kwanza kwa umuhimu: serikali kulipa inachodaiwa.

Bili ambazo serikali ya kitaifa na mashirika yake hawajalipa zimepita shilingi bilioni 500. Kwa upande wa kaunti, Nairobi imekuwa ikiongoza kwa miaka mingi. Nyuma ya kila bili yupo mtu aliyeshona sare za hospitali, aliyepika chakula cha semina, aliyeweka milango ya madarasa. Wengi wao waliingia kwenye zabuni za umma kwa sababu sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni hizo kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana anakopa kununua mbao, anawalipa mafundi wanne, anapeleka bidhaa, anaandika ankara. Miezi 3 inapita, kisha mwaka. Riba ya mkopo inapanda, dalali anabisha hodi, mafundi wanne wanarudi kukaa kijiweni. Sera iliyokusudiwa kuzaa ajira imeziua nne.

Kulipa bili hizo kuna faida ambayo mpango mpya wa mabilioni hauna. Deni tayari lipo, kwa hiyo kulilipa hakuongezi mzigo halisi wa taifa, hata kama ni lazima pesa zenyewe zitafutwe. Zinamwendea mtu ambaye tayari ana vifaa, mafundi na wateja, anayeweza kuwarudisha kazini wiki hiyohiyo. Na kulipa kunarudisha imani kwamba anayeiuzia serikali atalipwa, imani ambayo bila hiyo wafanyabiashara huongeza bei ili kujikinga na kucheleweshwa. Kweli, si kila bili ni halali. Ndiyo maana mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuzikagua, ikiongozwa na Edward Ouko, aliyewahi kuwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ila ukaguzi wa bili kubwa zenye utata usiwe kisingizio cha kuziweka kapu moja na bili ya laki mbili ya mshonaji. Zile ndogo zilizo wazi zingelipwa kwanza.

Upande wa mikopo nao una tatizo linalofanana. Mwanzoni mwa 2024 kiwango cha riba cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13, na hati ambazo serikali hukopea kwa siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki. Serikali inakopa na itakulipa kwa hakika. Mchomeaji wa Kariobangi Light Industries anataka mashine ya laki tatu na hana hatimiliki ya kuweka dhamana. Utamkopesha nani? Serikali inapokopa sana nyumbani, humsukuma mchomeaji nje ya foleni, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Mpango wa serikali kudhamini mikopo ya biashara ndogo, ulioanzishwa Desemba 2020, ulilenga kuziba pengo hilo, na ulistahili kukuzwa zaidi ya ulivyokuzwa. Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo uliozinduliwa Novemba 2022, uliwafikia watu wengi ambao hawakuwahi kuaminiwa na benki, na hilo si jambo dogo. Lakini mkopo wa kibinafsi wa kuanzia shilingi 500, unaorejeshwa ndani ya siku 14, unaweza kujaza meza ya nyanya. Hauwezi kununua mashine itakayohitaji fundi wa pili.

Wapo watakaosema nchi yenye madeni haiwezi kujadili ajira kwa uhuru. Hoja hiyo ina uzito. Juni 2024 ilibidi Kenya imalize kulipa hatifungani ya dola bilioni 2, na miezi michache kabla ya hapo dola moja ilikuwa imefika takriban shilingi 160. Nakisi, yaani pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali, lazima ipunguzwe. Kinachojadiliwa ni lini, na kwa mgongo wa nani. Nafuu nyingi za ushuru za 2020, ikiwemo ile ya VAT, ziliondolewa tarehe 1 Januari 2021, wakati ambapo kafyu ilikuwa bado ipo na ingeendelea hadi Oktoba. Kwa maoni yangu VAT ilipandishwa mapema mno, kwa sababu ni ushuru unaomgusa hata asiye na mshahara. Mwezi Juni 2024 vijana walijaza barabara za Nairobi kupinga Mswada wa Fedha uliopendekeza ushuru zaidi, na mswada ukaondolewa. Miongoni mwao walikuwemo wenye shahada bila ajira. Kuwatoza ushuru zaidi kwenye matumizi ya kila siku, kabla kipato chao hakijarudi, ilikuwa kuanza hesabu kutoka mwisho.

Mwananchi ana nafasi ya kuingilia mambo haya mapema kuliko anavyodhani. Katiba, katika kifungu cha 201, inataka masuala ya fedha za umma yawe wazi na yashirikishe wananchi. Kila mwaka kaunti hupaswa kuwasilisha mkakati wake wa fedha katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mikutano ya kukusanya maoni huitishwa katika kipindi hicho, na mingi huhudhuriwa na watu wachache. Ukienda, usiishie kuomba barabara na taa. Uliza idara ya ununuzi imetoa kazi ngapi kwa makundi ya asilimia 30, na ngapi kati ya hizo zimelipwa. Uliza kama madawati na vitanda vya hospitali vitatengenezwa Kamukunji na Kariobangi au vitaagizwa kutoka nje. Uliza ankara ndogo zilizopitisha siku 90 ni ngapi, zitalipwa mwezi gani, na omba jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kabla hujaondoka.