Mzizi si sponji

Wengi huamini kwamba mzizi hunyonya chochote kilichoyeyuka udongoni. Sivyo. Mirija yake ya maji imezungukwa na tabaka la seli zenye mkanda wa lignini, dutu inayoupa mti ugumu; mkanda huo ulielezwa na mtaalamu wa mimea Mjerumani, Robert Caspary, mwaka 1865. Mkanda huziba mwanya kati ya seli, hivyo chumvi hulazimika kupita ndani ya seli, penye ukaguzi.

Baadaye seli hizo hupakwa suberini, dutu yenye mafuta iliyomo pia kwenye kizibo cha chupa. Na hapa ndipo patamu: mpako huo haudumu vilevile. Katika Arabidopsis, mmea wa maabara, upungufu wa chuma au zinki huupunguza. Wa potasiamu au salfa huuongeza. Mpunga wa Kyela uliosimama majini huimarisha tabaka la nje la mizizi yake ili oksijeni isivuje.

Kwenye viazi vya Mbeya, jembe la palizi likikata mizizi, bakteria wa mnyauko hupitia jerahani. Hupenya pia pale mizizi midogo inapochomoza, kwani huko tabaka hilo la kinga hufunguka. Kwa hiyo pandishia matuta mapema, kabla mizizi haijatambaa, na usichimbe karibu na shina.