Je, wajua kwa nini "niko nyumbani tu" si jibu la kweli?

Muulize mama wa omena katika soko la Kibuye, Kisumu, kama ana kazi. Atakwambia anauza samaki. Muulize dadake aliyebaki na watoto, atasema, "Mimi sifanyi kazi, niko nyumbani tu." Sasa badilisha swali: "Leo umeamka saa ngapi, dada?" Hapo habari yenyewe inatoka: saa kumi na moja moto umeshawaka, chai, watoto wa shule, maji, nguo, mama mkwe mgonjwa wa kugeuzwa kitandani, na bado hujafika mchana. Ndiyo maana mahojiano mazuri na wanawake huanzia kwenye saa za siku.

Ufeministi wa kijamaa unaona kuonewa kwa mwanamke na kunyonywa kwa mfanyakazi ni kamba moja. Mwaka 1972 huko Padova, Italia, wanaharakati Selma James, Mariarosa Dalla Costa, Silvia Federici na wenzao walianza kudai kazi ya nyumbani ilipwe. Bepari humlipa mtu mmoja, walisema, lakini hufaidi jasho la wawili. Kibarua hufika kazini ameshiba na kuvaa safi; kuna aliyemwandaa, na huyo hayumo kwenye orodha ya mishahara.

Nyanya zetu wangeielewa hoja hii mara moja. Kodi ambayo mkoloni aliitoza kila nyumba ya Mwafrika iliwasukuma wanaume wa Nyanza na Magharibi hadi kwenye majani chai Kericho, kwenye reli na bandarini Mombasa. Ujira wao ulipimwa kwa mahitaji ya kapera. Mke na watoto je? Walikula mtama na mahindi aliyolima mke mwenyewe, na mume akiugua au kuzeeka alirudishwa kwake atunzwe. Jembe la mwanamke ndilo lililoufanya ujira ule mdogo uwezekane, na mwajiri hakulitolea hata senti. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikuja kulikiri jambo hili: mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilipendekeza kima cha chini cha mshahara kisipimwe tena kwa kapera bali kwa familia.

Na leo? Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na shirika la takwimu la taifa la Kenya mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imezitaja wazi kazi za nyumbani, malezi na kilimo kuwa mchango wa mwanandoa. Naifurahia sana. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa ikivunjika mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Shamba lina hati, mabati yana risiti. Usiku wa kukesha na mtoto mwenye malaria hauna karatasi. Huyo dada aliyesema hafanyi kazi atahitaji kuyakumbuka yote, kuanzia moto wa saa kumi na moja.