Ulimi Uliofunzwa ni Akiba ya Mpishi

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, na mwaka uliofuata, UVIKO-19 ilipofunga safari, wakashuka hadi takribani 620,000, majiko mengi ya hoteli yakapoa. Mpishi anayejua orodha ya vyakula ya hoteli moja tu hukwama nyakati kama hizo, lakini anayejua kuonja hupika kilichopo sokoni na akapata wateja mtaani kwake.

Kuonja hufundishika. Ulimi wenyewe hutambua mambo machache: chumvi, utamu, ukali (ule wa ndimu, si wa pilipili), uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa dagaa au nyama, mengine huletwa na pua, na asiyeamini azibe pua huku akitafuna punje ya hiliki, kisha aiachie.

Zoezi tunalolipenda darasani ni la mchuzi wa nazi usiotiwa chumvi, uliogawanywa katika vikombe vitatu: cha kwanza hutiwa chumvi, cha pili ndimu, na cha tatu ndimu pamoja na chumvi kidogo sana. Mwanafunzi anayeona mchuzi umepooza hukimbilia kibakuli cha chumvi, kumbe mara nyingi mchuzi unadai ukali, na kikombe cha tatu ndicho humwonesha hilo. Somo hili lina faida ya kiafya pia, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku.

Ndimu zikipanda bei, ukali upo kwenye ukwaju, embe bichi na mbirimbi, ila havibadilishani hivi hivi. Ukwaju hutia weusi na utamu kidogo. Embe bichi huhitaji muda wa kulainika chunguni. Ndimu hukamuliwa chungu kikishaepuliwa, tui lisikatike na harufu yake isipotelee motoni.

Kukirimu nako ni ujuzi. Kabla ya kuwasha jiko, mwenyeji amuulize mgeni, kwa sauti ya chini na si mbele ya watu, kama kuna chakula kinachomdhuru, kwani karanga zilizosagwa ndani ya mchuzi hazionekani na zinaweza kumuua mwenye mzio. Juisi ya ukwaju nayo ionjwe ikiwa baridi kama itakavyonywewa, maana baridi hupunguza utamu, na juisi iliyokolea sukari ikiwa vuguvugu jikoni huwa kali ikifika mezani.