Kuchezea klabu nyingi si ushahidi wa kufukuzwa

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu ya wazazi hapa Mombasa: kocha wa soka ambaye enzi zake alichezea klabu saba au nane alifukuzwa kote, basi asikabidhiwe vijana. Si kweli, na unawaumiza watu waliokula jasho lao.

Mkataba wa mchezaji wa kulipwa una mwisho. Kanuni za kimataifa zinaruhusu hadi miaka 5, na mfupi kabisa huishia mwisho wa msimu. Ukiisha na klabu isiongeze, mchezaji hutafuta kwingine. Hilo si kufukuzwa. Wengine hutolewa kwa mkopo, yaani klabu humwazima mchezaji kwa klabu nyingine kwa muda kisha anarudi, au timu inashuka daraja na mishahara inakatwa.

Chukua simu, tazama rekodi ya kocha huyo mstari kwa mstari. Ukiona amejiunga na klabu nyingine Januari na kurudi klabu yake ya awali Juni, huo kwa kawaida ni mkopo, lakini aliyehesabu haraka ameziandika klabu mbili zaidi. Hapo ndipo wengi hukosea, maana orodha huonyesha majina, haionyeshi sababu.

La kumuuliza kocha ni leseni ya ukocha. Barani Afrika ngazi huanzia D, kisha C, B na A. Mwombe akuonyeshe cheti, kisha uende uwanja wa Makadara au Tononoka jioni umwone akifundisha, anavyomsemesha mtoto aliyekosa penalti.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyekutumia, kwa upole, mkopo ni nini.